Nyumba Isiyo na Vumbi

Kioo alikuwa mtu wa kusamehe mengi, lakini kuitwa mchafu, hapana. Ungeweza kumwambia ana roho mbaya, akakutazama tu na kuendelea na shughuli zake. Ungeweza kumwambia hajui kupika, na hilo lilikuwa kweli, wala asingebisha. Lakini ukithubutu kusema sakafu yake ina doa, ulikuwa umetangaza vita, na vita vya Kioo havikuwa na suluhu. Sasa hebu fikiria siku ile mama mkwe wake alipomwambia muuguzi, mbele ya watu, kwamba mjukuu wake anaumwa kwa sababu ya uchafu wa nyumba. Kuanzia hapo wanawake wale wawili hawakupikika chungu kimoja tena, kama waliwahi kupikika.

Mtoto mwenyewe alikuwa binti wa miaka sita, mtoto pekee wa Kioo na mjukuu pekee wa bibi huyo. Walimwita Chiriku kwa sababu alikuwa hanyamazi. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea na viatu vyake akivivaa. Pumu yake ilijulikana kwa ukimya. Maneno yakianza kupungua, kila mtu mle ndani aliacha alichokuwa anakifanya. Kisha kifua kilianza kupiga filimbi, mabega yakapanda juu, na mama yake akakimbilia kikopo cha dawa ya kuvuta. Siku nyingine kikopo kilitosha. Siku nyingine ilikuwa mbio hadi zahanati, na mwaka ule peke yake mtoto alikuwa amelazwa mara nne.

Muuguzi alikuwa na foleni iliyopinda kona na hakuwa na muda wa kupoteza. Aliuliza kama kuna anayevuta sigara nyumbani, kama kuna mnyama, kama kuna vumbi. Akamuuliza Kioo anafanya kazi gani. Kioo akajibu kifua mbele kwamba anafanya usafi maofisini, mwaka wa nane sasa. Muuguzi akafurahi. Akasema basi hapo hana la kumfundisha, adui wa mtoto ni vumbi, akapambane na vumbi. Ndipo mama mkwe akatia lile neno lake la uchafu, na kalamu ya muuguzi ikasimama hewani. Kioo hakujibu mle ndani. Alisubiri watoke nje, akampa bibi makavu yake pale kwenye foleni, wagonjwa wote wakasahau magonjwa yao kwa muda.

Sasa, usafi wa Kioo haukuwa huu wa kwangu na wako wa kupitisha tambara na kwenda kukaa. Jengo lile lilikuwa na ghorofa tisa, na vyoo vya ghorofa nne vilikuwa juu yake. Msimamizi wao alikuwa mtu mmoja mkavu, anatembea na tishu nyeupe mfukoni. Anaipitisha nyuma ya bomba, anaipitisha kwenye kona, na tishu ikirudi na rangi yoyote, unaanza upya tangu mlangoni. Klorini peke yake haikuweza kutoa ule umanjano wa chini kabisa kwenye bakuli la choo. Tindikali ya choo peke yake haikuweza kung'arisha saruji kati ya vigae. Wazee wa kazi walikuwa wamegundua zamani kwamba ukizimwaga pamoja, zinafanya kazi zenyewe. Huenda kwenye mapipa kiwandani paliandikwa kwamba ni marufuku kuzichanganya. Wao walipata dawa zao zikiwa zimeshamiminwa kwenye chupa za soda, na chupa za soda hazina la kusema.

Kazi ilikwenda hivi. Unajifunga kitambaa puani, unamwaga klorini, unamwagia tindikali juu yake, unatoka mbio, unavuta mlango na kuhesabu mpaka mia mbili. Mle ndani panachemka penyewe. Ukirudi unasugua huku machozi yanakutiririka, na aliyetoka bila machozi walimcheka na kumrudisha, kwamba hajafanya kitu. Walicheka sana, wanawake wale. Kioo alikuwa anaweza kukaa mle ndani mpaka mia nzima, akisugua, asitoke. Kwa hilo, na kwa sakafu ambazo ungeweza kuhesabu meno yako ndani yake, wakampa hilo jina. Pua yake ilikuwa imekufa siku nyingi. Kitunguu kingeungua jikoni asijue mpaka aone moshi. Kila asubuhi alikohoa mpaka akashika ukuta, na akadhani kila mtu anaamka hivyo.

Basi baada ya maneno ya muuguzi na matusi ya mama mkwe, Kioo alianza kuja nyumbani na chupa mbili kwenye mkoba.

Walikaa vyumba viwili kando ya barabara isiyo na lami, na gari likipita vumbi lilisimama mlangoni kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Kioo akafunga madirisha. Akaziba mianya kwa matambara, akagongelea misumari. Akasafisha alfajiri kabla hajatoka na akasafisha saa tisa akirudi: sakafu, kuta mpaka mkono ulipofika, miguu ya kitanda cha mtoto, midoli, begi la shule. Mashuka ya Chiriku aliyaloweka kwenye klorini. Sare yake ya kazi aliifua kwenye beseni hilo hilo na nguo za mtoto, kwa nini amwage maji mazuri? Akimaliza, anamkalisha mtoto kitandani, anafunga mlango, anamwambia asitoke nje kwenye vumbi. Halafu anakaa sebuleni na kusikiliza yale maongezi ya mtoto na midoli yake, na anajisikia amefanya la maana.

Na ukimya ukaanza kuja mara tatu kwa wiki.

Hapo mtu mwingine angejiuliza. Kioo hakujiuliza, alikasirika. Aliona kwamba vumbi bado linamshinda ujanja, akaongeza dawa. Nakwambia yule mwanamke alipigana, na hakuna siku aliyompenda mwanawe kama zile siku alizokuwa anapiga magoti kusugua chini ya kitanda chake. Mumewe, fundi wa mafriji, mtu wa kumkubalia kila aliyeongea mwisho, alisema mara moja kwamba macho yanamuwasha humu ndani. Akaambiwa huo ndio usafi, hajauzoea, na wala hashangai mtu ukijua kwao. Mume akafunga mdomo, na kwa miezi kadhaa akaufungua kwa ajili ya kula tu.

Mama mkwe alikuja siku moja kukagua. Hakukaa. Alipitisha kidole juu ya kabati, mahali ambapo hata mwenye nyumba huwa anapasahau, na kidole kikarudi safi. Akakinusa. Akakifuta kwenye kanga yake kama aliyegusa kinyesi, akasema nyumba inanuka chumba cha maiti. Kioo akamuuliza amejuaje panavyonuka, au aliwahi kupelekwa wakamkataa? Tangu siku hiyo hata salamu zikawa za kulazimishana. Kioo alitoa shikamoo kwa sababu alilelewa, na mama mkwe aliitikia marahaba akiutazama ukuta.

Shule zilipokaribia kufungwa, Chiriku alibanwa vibaya kuliko siku zote, akalala siku tatu wodini na hewa ya mtungi. Ndipo yule fundi wa mafriji, kwa mara ya kwanza tangu amuoe, akaamua jambo. Alisema mtoto anakwenda kwa bibi yake likizo yote ya wiki tatu, na hataki kusikia neno. Kioo alisema maneno mengi tu. Alisema kule kuna kuku jikoni, kuna paka, kuna mikeka haijakung'utwa tangu kuumbwa kwa ulimwengu, mtoto atarudi kwenye jeneza. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na begi la mjukuu mkononi. Alimsubiri amalize, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Akipona kwangu, harudi."

Wiki ya kwanza Kioo alikaa na simu mkononi akisubiri habari mbaya. Nitasema ukweli ingawa haupendezi: kuna sehemu ndogo ya moyo wake iliyozitaka. Hakutaka mtoto aumwe sana, hapana, alitaka aumwe kidogo tu, cha kumziba bibi mdomo. Lakini kila jioni alipopiga, alipokea Chiriku, na Chiriku alikuwa na mambo. Paka kafanya hivi, jogoo kamfukuza jirani, yeye kapanda juu ya tangi la maji. Aliongea mpaka salio likakatika. Mama mkwe naye alikuwa akiisogelea simu kutoka nyuma na kusema, kama anayejisemea, kwamba kile kikopo hata hajui kiko wapi siku hizi. Kioo alikuwa anakata simu na kwenda kusugua.

Jumamosi ya mwisho, shule zikiwa zinafunguliwa Jumatatu, hakutoa taarifa. Alitoka kazini saa sita, hakupita nyumbani, akaenda na sare yake mwilini na mkoba wake begani kumchukua mtoto wake. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Alikuwa ameshapanga ya kutosha kumzika mtu.

Mama mkwe hakuwepo, alikuwa mashineni kusaga. Chiriku alikuwa uani, miguu imepauka kwa vumbi, paka amemning'inia shingoni. Alimwona mama yake akapiga mbio, na aliendelea kuongea akikimbia. Kioo alisimama akamsikiliza kifua. Hakuna filimbi. Mbio zote zile, na hakuna filimbi. Chiriku alikuwa amenenepa mashavu.

Furaha ilimjaa Kioo, kisha ikachacha. Aliingia ndani akaona. Mikeka ilikuwa na rangi ya ardhi. Redio ilikuwa imeota unyoya wa vumbi. Kwenye chumba anacholala mtoto, chini ya kitanda, kuku alikuwa ameatamia, na alimtazama Kioo kama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni asiyebisha hodi. Hapa ndipo mtoto wake alipopona? Humu? Yeye ambaye mikono yake ilikuwa imechubuka kwa kusugua, ashindwe na nyumba hii? Angekuwa na busara angemchukua mtoto na kuondoka. Lakini alikuwa amepandwa na mori, na mtu aliyepandwa na mori hana kazi na busara. Aliamua kwamba bibi atarudi na unga wake akute chumba kinang'aa, ameze ulimi, asije akaongea tena habari ya nani mchafu.

Alimtoa kuku. Alifunga dirisha, akatandaza tambara kwenye ufa wa chini yake. Akatoa chupa mbili za soda kwenye mkoba. Sakafu ile ilikuwa ya saruji iliyoshiba uchafu wa miaka, na Kioo aliona kwamba haitaki mchezo, akamwaga ya kwanza, na juu yake akamwaga ya pili. Chiriku alikuwa kizingitini na ufagio, anataka kusaidia, anasimulia habari za paka.

"Funga mlango," Kioo alimwambia bila kugeuka. "Vumbi la uani linaingia."

Mtoto akafunga mlango. Aliufunga akiwa ndani.

Kioo alikuwa ameshaingiza kichwa na mabega chini ya kitanda, anasugua, na kwa mazoea ya miaka minane alikuwa anahesabu. Nyuma yake sauti iliendelea, paka kakamata panya, paka kamleta panya kitandani, bibi kapiga kelele. Alifika thelathini. Alifika arobaini. Alikuwa kwenye sitini na kitu alipogundua kwamba ni yeye peke yake anayetoa sauti mle chumbani.

Aligonga kichwa kwenye chaga akitoka. Chiriku alikuwa ameegemea ukuta, mikono miwili juu ya magoti, mabega masikioni. Mdomo ulikuwa wazi na hakuna kilichokuwa kinaingia. Kioo alimkamata akamkumbatia kifuani, kwenye sare yake, kama ambavyo mama yeyote angefanya, na mtoto akaanza kumsukuma. Alimsukuma kwa viganja vyote viwili. Alikuwa hana nguvu lakini alimsukuma.

Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe alivuta pumzi moja ya hewa ile, akaangusha ndoo ya unga, akampokonya mtoto na kutoka naye mpaka katikati ya uwanja, kwenye upepo. Kutoka huko akapiga kelele kwamba kikopo kiko juu ya redio. Kioo akakimbia, akakipata, na hata katika hofu ile aliona kwamba kimefunikwa na vumbi. Kwa wiki tatu hakuna aliyekigusa. Bibi hakuwa ametia chumvi hata punje.

Alimrushia. Bibi akamvutisha mjukuu mara moja, mara mbili, akasubiri, mara ya tatu. Alimkalisha wima mapajani, akampepea kwa upindo wa kanga. Muda ulikwenda. Jirani alichungulia, akaambiwa asogeze pikipiki tayari. Kisha mabega yakashuka kidogo, filimbi ikasikika, na siku hiyo kuisikia filimbi ilikuwa habari njema.

Kioo alisogea ampokee. Hakuwa amefika hata hatua tatu mtoto akaanza kukohoa upya.

"Rudi nyuma," mama mkwe alisema. "Nyuma zaidi. Mpaka pale kwenye uzio."

Akarudi mpaka kwenye uzio. Maneno yote aliyokuwa ameyapanga njiani hakuliona hata moja.

"Umemwaga nini humo ndani?"

"Dawa ya kusafishia."

"Na nyumbani kwako?"

"Hiyo hiyo."

"Kila siku?"

"Mara mbili, mama."

Kioo alisubiri acheke. Alisubiri achambwe, maana ilikuwa haki ya yule bibi, na yeye angekuwa upande ule asingemwacha salama. Lakini bibi hakucheka. Alimtazama mjukuu, akamtazama mkwe, akawa kama anayehesabu miezi.

"Ulipokuwa na mimba yake?"

"Nilifanya kazi mpaka wiki ya mwisho. Unajua."

Bibi alijua. Ni yeye aliyemshika mkono na kumpeleka kwenye lile jengo, akambembelezea nafasi kwa mtu aliyemfahamu, kwa sababu hakutaka mke wa mwanawe akae bure nyumbani. Alikuwa amejisifu kwa hilo mtaa mzima. Sasa walitazamana juu ya kichwa cha mtoto, na kwa mara ya kwanza walikuwa wanawaza jambo moja, na jambo lenyewe halikuwapatanisha hata kidogo. Chuki ilibaki pale pale, ila sasa kila mmoja alikuwa na ya kwake ya kujichukia.

Mama mkwe alimkabidhi jirani mtoto, akaingia ndani akiwa ameziba pua, akatoka na begi la nguo. Hakumpa mkononi. Aliliweka chini katikati ya uwanja, akarudi alikokuwa.

"Chukua nguo zake. Hizi alizovaa nimemshonea mimi. Hizo zinanuka kama wewe, sizitaki humu."

"Shule ni Jumatatu," Kioo alisema.

"Shule ziko hata huku."

"Nitaacha kazi, mama."

"Acha, usiache, hiyo ni yako na mumeo. Ukishaacha, uje uoge hapa kwangu mwezi mzima, ndipo tuongee."

Kioo alijua kwamba Jumatatu alfajiri atakuwa kwenye yale mabakuli, kwa sababu kazi nyingine hakuwa nayo. Alijua pia kwamba nyumba yake, zile kuta, yale mashuka, lile godoro alilolisugua mpaka likachanika, vyote vilikuwa vimekunywa dawa ile. Alitamani kupiga magoti na alitamani kumrukia yule bibi shingoni, yote kwa wakati mmoja. Hakufanya hata moja. Alisema kitu ambacho asubuhi ile angekufa kuliko kukisema.

"Basi kaa naye."

"Sikuwa nakuomba," mama mkwe akajibu.

Aliokota begi. Alipofika kwenye njia alisikia miguu midogo nyuma yake. Chiriku alikuwa amemponyoka jirani, anamfuata, kifua bado kinapiga filimbi, mikono mbele tayari kwa kukumbatia. Kioo akageuka akainua kiganja.

"Simama hapo hapo. Usinisogelee."

Sauti ilitoka kali kuliko alivyotaka. Mtoto akasimama. Alitazama kile kiganja, akatazama begi lenye nguo zake linavyoondoka, akatafuta kosa lake na akaliona.

"Mama," alisema, "sitakohoa tena."

Kioo akarudi hatua nyingine nyuma.